Barua Niliyoikimbiza Mpaka Arusha

Ndugu zangu wa Pangani, tangu nirudi mnanijia mmoja mmoja, huyu na birika la kahawa, huyu na pole zake, na swali lenu ni lile lile. Imekuwaje Fundi Kombo, aliyekuwa akimwandikia kila mtu barua hapa mtaani hata asipoombwa, sasa akiletewa kalamu anasema macho yanamuuma? Macho yangu ni mazima. Nimechoka kulisimulia jambo hili vipande vipande, na nasikia vipande vingine mmeanza kuvishona wenyewe wakati fundi ni mimi. Basi haya hapa, yote, kwa mkono wangu.

Mnajua kwamba shemeji yangu, Mwalimu Athumani, aliitwa na Waislamu wa Arusha akawasomeshe watoto wao Kurani. Dada yangu Mwanaidi alikuwa amejifungua juzijuzi, hakuweza kumfuata upesi. Alinishika mkono mlangoni akasema, "Kaka, mpeleke mwenyewe. Na urudi uniambie kwa mdomo wako kwamba amefika mzima." Nikamjibu kwamba nitampeleka kama ninavyobeba cherehani yangu. Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekusudia kabisa.

Tanga mpaka Mombo

Gari la moshi ni kitu kizuri likienda. Letu lilikwenda mpaka Korogwe likasimama toka asubuhi mpaka alasiri, na kila tulipouliza tuliambiwa "sasa hivi". Abiria tukashuka, tukanunua mihogo ya kuchoma, tukazoeana. Hapo nikakutana na mchuuzi mmoja wa shanga, mwenye kilemba cha njano, aliyejisifu kwamba Uchagani na Meru anapajua kama uani kwake. Simlaumu sana yule bwana. Alinipa maneno tu, kuyameza nikayameza mwenyewe.

"Kule milimani," akaniambia huku akitafuna mhogo wangu, "mwenyeji akikupa kinywaji lazima aonje yeye kwanza. Ndiyo desturi. Akikupa kibuyu hajakionja, ujue mna kitu ndani. Shika njia yako."

Mwalimu Athumani, ambaye hapendi habari zisizo na mwenyewe, akamuuliza, "Umemwona mtu aliyekufa hivyo?"

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu, Mwalimu. Watu wote wanajua."

Mwalimu akarudi kwenye kitabu chake. Mimi nikamsogelea yule mchuuzi nikamwongezea mhogo, nikataka anieleze zaidi. Akanieleza. Tulipofika Mombo jioni nilikuwa najua sumu aina tano za watu wa milimani, na sikuwa nimemwona bado hata mtu mmoja wa milimani.

Mombo mpaka Moshi

Kuanzia hapo ni miguu. Tulimpata mpagazi mmoja, Mnyamwezi mfupi mwenye mabega mapana, jina lake Maganga, akabeba sanduku la vitabu vya Mwalimu njia nzima bila kulalamika juu ya mzigo. Malalamiko yake yote yalikuwa juu ya chakula, na hapo alikuwa na haki, kwa kuwa mpishi nilikuwa mimi.

Tulifuata bonde la Ruvu, milima ya Upare mkono wa kulia. Mvua zisizo na msimu zilitukuta siku tatu. Hema letu lilikuwa dogo, Mwalimu akaona bora vitabu vilale ndani na yeye alale nje amejifunika shuka. Mbu wa bonde lile wakamla siku zote tatu. Nilimgombeza, akasema ngozi inaota tena, karatasi haioti.

Moshi tulipumzika kwa Mchaga mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kwa misafara, mtu mkarimu, jina lake sikulishika vizuri nikaona aibu kumwuliza tena. Mkewe alitupikia mtori wa ndizi na nyama mpaka Maganga akaacha kunisema kwa siku nzima. Jioni yule bwana akamletea Maganga pombe yao ya mbege katika kata kubwa. Kabla hajampa, akanywa yeye funda moja, ndipo akamkabidhi. Nilimpiga Mwalimu kiwiko.

"Umeona? Yule mchuuzi hakusema uongo."

"Nimeona Mchaga akionja mbege," akajibu Mwalimu. "Hayo tu ndiyo niliyoyaona."

Moshi mpaka Maji ya Chai

Tulivuka mto Kikafu, tukavuka mbuga kavu ya Sanya yenye upepo wa vumbi, na siku ya tatu Mlima Meru ukatutokea wote, hauna theluji kama mwenzake wa Uchagani lakini unakutazama zaidi. Mwalimu hakuutazama. Alikuwa anaumwa kichwa tangu asubuhi, anatembea ameshika kisogo, na kila nilipomuuliza alisema ni jua.

Alasiri tukafika kwenye kijito ambacho maji yake yana rangi ya chai iliyokolea, na wapagazi hukiita hivyohivyo, Maji ya Chai. Watu wa hapo wengi meno yao yana rangi ya hudhurungi. Maganga alisema ni maji yale, huwapata tangu utotoni. Mimi, kichwa changu kikiwa kimejaa sumu tano, sikuyapenda yale meno.

Mwalimu alikuwa hawezi tena kwenda mbele. Tulipanda kidogo juu ya kijito tukaingia mji mmoja ulio katikati ya migomba, nyumba mbili za mviringo, zizi, na mfereji wa maji ukipita nyuma. Mwenye mji hakuwapo, alikuwa amekwenda Momela kuwachukulia ng'ombe magadi kwenye maziwa ya huko. Tulimkuta mkewe, mama wa makamo, mrefu, mwenye shanga nyingi shingoni. Maganga akamwamkia, "Takwenya, yeyo," naye akaitika, "Iko." Alikuwa Mwarusha wa upande wa pili wa mlima, aliyeolewa na Mmeru. Jina lake Nasieku, ila sisi tulimwita Yeyo kama Maganga, yaani mama. Kimaa cha Maganga, lugha hiyo ya Waarusha, kilikuwa cha kuombea maji, moto na njia, hakikuvuka hapo. Ila kumwonyesha mtu mgonjwa hakuhitaji lugha. Yeyo alimgusa Mwalimu paji la uso, akamtandikia ngozi chini ya paa, akaingia ndani akatoka na kibuyu kirefu cha maziwa.

Alimmiminia Mwalimu, akamkabidhi kwa mikono miwili, akageuka akaenda zake. Hakuonja.

Nikachungulia. Juu ya maziwa kulikuwa kunaelea chembe nyeusi, ndogondogo. Nikamwambia Mwalimu asinywe. Akasema ana kiu, akanywa, akaomba tena. Jua lilikuwa halijazama alipoanza kutetemeka meno yakigongana, kisha akatapika yale maziwa yote na zile chembe zake nyeusi.

Sitasahau nilivyojisikia. Nilimwona dada yangu mlangoni kwake, na mimi sina la kumwambia.

Siku Mbili kwa Yeyo

Kulipokucha Mwalimu alikuwa moto kama chuma cha pasi. Chakula hakitaki, maji anayatapika, akawa anaomba maziwa, hayo hayo. Yeyo akakamua ng'ombe wake mmoja, mweupe mwenye baka jeusi, akaleta kibuyu kingine na chembe zake. Nikaona nifanye ujanja. Nikangoja aende kwenye mfereji, nikayachukua yale maziwa nyuma ya migomba, nikawasha moto, nikayateleka kwenye sufuria yetu na tangawizi na iliki, kama tunavyowafanyia wagonjwa kwetu. Nilijiambia kwamba moto utaua chochote kilichotiwa.

Yalipoanza kupanda, harufu ikamfikia. Nilisikia ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu mzima. Yeyo alikuja mbio, akaipiga teke sufuria, maziwa yakamwagika majivuni, akasimama mbele yangu akinisema kwa maneno ambayo sikuelewa hata moja.

Na mimi nikaelewa yote! Ndivyo nilivyojiambia. Kwa nini mtu aogope maziwa kuchemshwa, kama hajui kwamba moto utaiharibu sumu yake? Nilikuwa na hofu hapo awali. Sasa nilikuwa na ushahidi. Yeyo akaita, wakaja wanaume wawili, wadogo wa mumewe, na mikuki. Hawakutugusa. Walikaa langoni tu, wakitazama mara kwetu mara zizini, siku nzima.

Jioni Yeyo alikwenda kumkamua yule ng'ombe mweupe. Akatoka na kibuyu karibu kitupu, akawaonyesha wale wanaume, kisha wote watatu wakanitazama mimi. Nikasema moyoni, wamekubaliana.

Basi nikakaa chini na karatasi na kalamu, nikaiandika barua kwa bwana wa boma la Arusha. Ndugu zangu, sijapata kuandika barua nzuri kama ile. Salamu zake zilikuwa timamu, herufi zimesimama kama askari. Nikaeleza kwamba sisi ni raia watulivu, kwamba Mwalimu amelishwa sumu na mwanamke wa mji ulio juu ya Maji ya Chai, kwamba tumezingirwa na watu wenye mikuki, na kwamba tunaomba askari upesi. Niliisoma mara mbili, na aibu yangu ni hii, mara ya pili niliisoma kwa ajili ya uzuri wake. Alfajiri Maganga akaificha katika kanzu, akabeba kibuyu kama anakwenda kuteka maji, akapotea migombani.

Asubuhi hiyo Yeyo alikamua tena. Sikuona alichopata, ila niliona wale wanaume wawili wakisimama, wakinyoosha migongo, wakaenda zao shambani na mikuki begani. Sikujua kwa nini. Nilidhani labda wameogopa.

Jua likipanda, mwenye mji akarudi na mzigo wake wa magadi. Alikuwa mzee wa mvi chache, Mbise jina lake, na aliponisalimia kwa Kiswahili nilitaka kulia. Aliwahi kubeba mizigo mpaka Tanga. Mkewe akamwendea, wakazungumza kwa muda mrefu, kisha akaja akaketi karibu nami.

"Mgeni, uliteleka maziwa motoni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa watu wa mke wangu, maziwa hayapikwi. Ukiyapika, unamkausha ng'ombe aliyeyatoa, labda na kufa atakufa. Hakuna uchawi mbaya kama huo. Jana jioni ng'ombe hakutoa kitu."

Nikamwambia sikujua, nikamwambia habari za chembe nyeusi, na kwamba Yeyo hakuonja. Mzee Mbise akanitazama kama mtu anayejaribu kuona kitu kilicho mbali.

"Zile ni makaa," akasema. "Kibuyu husuguliwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, maziwa yasichache na yapate harufu. Mimi mwenyewe nayanywa. Na kuonja, aonje ya nini? Wachaga wanaonja mbege. Huyu kwao, kumpa mgeni kitu kilichopita mdomoni mwake ni kumdharau."

"Na homa?"

"Mmepita bonde la Ruvu, si ndiyo? Mimi nimepita na mizigo. Tulikuwa tukizika watu."

Nilikuwa naanza kuhesabu saa tangu alfajiri. Nikamwambia habari ya barua.

Mzee hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Alisema tu kwamba miaka michache nyuma askari walikuja katika miji hii kwa kisasi. Walichoma nyumba, wakakata migomba, wakaondoka na ng'ombe. Migomba niliyoiona ilikuwa ndiyo kwanza imeshika tena. "Safari hii hawatauliza maziwa yalipikwa au hayakupikwa," akasema. "Inuka. Najua njia ya juu, ni fupi kuliko barabara."

Nikainuka, nikakumbuka Mwalimu. Nimwache na nani? Na yule mama niliyemwandika muuaji kwa mkono wangu? Na kama Mzee ananidanganya, anitoe pale ili wamalizie? Hayo niliyawaza, siwafichi. Mwalimu alikuwa amefumbua macho, na kumbe alikuwa akisikia.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "nenda. Niache hapa."

"Nikuache na nani?"

"Na huyu aliyenitandikia." Akamnyooshea Yeyo mkono kuomba kibuyu, akanywa mbele yangu, makaa na yote. Nikafunga viatu vyangu nikaondoka.

Njia ya Juu mpaka Arusha

Mtu mwenye tumbo langu hakuumbwa kwa kukimbia. Mzee Mbise alitembea mbele na fimbo yake hakugeuka nyuma, na mimi nilikuwa mara natembea, mara nakimbia, mara namwomba Mungu. Tulivuka mto Usa tukiwa tumeshikana mikono, maji mpaka mapajani. Tukapita miteremko ya Akheri, mifereji kila mahali, wanawake mashambani wakimsalimu Mzee na kunitazama mimi nilivyoloa jasho. Mmoja alimuuliza kama ninakimbizwa. Mzee akamjibu kitu, wakacheka, na hata leo sijui alisema nini.

Karibu na Tengeru miguu ilikataa. Nikakaa chini. Mzee akatoa ndizi mbili za kuchoma mkobani, akanipa zote mbili. Nikamwambia ale moja. Akasema, "Mwenye kuongea na wazungu huko ni wewe. Kula." Nilikula huku machozi yananitoka, na sikuwa na njaa.

Nilimuuliza kwa nini haniachi mwenyewe nikaanguke njiani, maana balaa hili ni langu. Akasema balaa ni langu lakini nyumba ni yake. Tukaendelea.

Ndani ya Boma

Boma la Arusha ni jeupe, lina kuta nene na mnara, na mji mzima umelisogelea kama vifaranga. Alasiri ilikuwa imeingia tulipofika. Mzee Mbise akasimama mbali na lango, chini ya ukuta wa duka moja. Alisema hajawahi kukanyaga mle ndani na hatakanyaga leo.

Uwanjani nilimwona Maganga amechutama anakula ndizi, na mbele yake askari wanane wanafunga mikanda na kugawana risasi. Kulikuwa pia na Waislamu wa mjini waliokuja kusikia habari za mwalimu wao, wazee wa Kimanyema na wa pwani, nyuso zimekunjamana. Mmoja aliponitambua kwa kanzu yangu akanikumbatia, akasema, "Poleni, ndugu yetu. Watalipa."

Nikamtafuta karani. Alikuwa kijana wa Bagamoyo, mwenye adabu sana. Nilimweleza yote nikiwa sina pumzi. Akanivuta kando, akaninong'oneza, "Fundi, Bwana amekwisha kusomewa. Nimemsomea mwenyewe, na barua yako, haki ya Mungu, imemsisimua. Ukisema sasa kwamba ni uongo, utapigwa. Sema umekuja nyuma ya mpagazi. Sema mpagazi ndiye aliyesema kuna sumu, wewe uliandika alichokuambia."

Nikamtazama Maganga. Aliniona, akanipungia ganda la ndizi, mdomo umejaa. Sikufanya nilichofanya kwa ushujaa, ndugu zangu. Nilishindwa tu kumsingizia mtu aliyekula mapishi yangu njia nzima.

Bwana wa boma alikuwa mtu mwekundu, mwembamba, Kiswahili chake cha kuamrisha.

"Barua yako nasema sumu," akaniambia. "Mdomo yako nasema hapana sumu. Gani uongo?"

"Barua, Bwana."

"Nani andika?"

"Mimi, Bwana. Mpagazi hajui kilichomo. Yule mama hakumpa mtu sumu. Alimpa mgonjwa maziwa ya ng'ombe wake, mimi nikaona makaa nikadhani sumu. Niliogopa, nikaandika hofu yangu kama vile nimeiona kwa macho."

Akawageukia askari akawaambia wavue mikanda. Pale pale nilimshukuru Mungu, hata kabla sijasikia maneno yaliyofuata, kwamba anayeita askari bure atapata viboko kumi na tano. Nililazwa mbele ya wale wazee waliokuja kumpokea mwalimu. Sitaeleza zaidi. Kiboko cha ngozi ya kiboko kinaeleza chenyewe.

Lakini ya baadaye nitayaeleza, maana sijui nitawalipaje. Yule mzee aliyenikumbatia alinipeleka nyumbani kwake, na mkewe, Bi Zena, akanilaza kifudifudi, akanipaka samli na manjano, akanilisha uji kwa kijiko siku mbili kama mtoto. Hakuniuliza kitu. Maganga alikaa mlangoni anafukuza nzi, na kila aliyekuja kunitazama alimwambia kwamba mimi ni mpishi mbaya sana lakini mtu mwema.

Kurudi kwa Yeyo

Mzee Mbise alikuwa amerudi kwake jioni ile ile. Siku ya tatu akaja kunichukua. Tulirudi polepole kwa barabara, Maganga nyuma yetu na zawadi za Bi Zena, na tulikuwa tumefika Usa Mzee aliposema, kama anazungumza na fimbo yake, "Nilidhani utamtupia yule mpagazi." Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo kwa kitambo kidogo.

Tulipopanda mgombani, mtu wa kwanza niliyemwona ni Mwalimu Athumani, amekaa juani, amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa, anajifunza kusema "asante" kwa Kimaa. Nilimwendea moja kwa moja. Nilimshika tu mabega, yeye akasema, "Taratibu, shemeji, bado mimi ni mifupa," na mimi nikamwambia taratibu na yeye, asinishike mgongo. Walikuwa wamemchinjia mbuzi. Yeyo alikuwa akimnywesha supu yenye gome chungu la mti, asubuhi na jioni, na maziwa katikati, na homa ilikuwa imemwachia siku iliyopita.

Yeyo akaona ninavyotembea. Akamuuliza mumewe. Mzee akanigeukia.

"Anataka kujua nani amekupiga na kwa nini. Sikumwambia. Anajua tulikwenda Arusha kutafuta dawa."

Kumbe siku zote hizo alimuuguza shemeji yangu, akamwinua, akamfuta matapishi, na hakujua nilichomwandika.

"Mwambie, Mzee."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nitalipeleka neno kwa neno."

Nikamwambia. Nilisema kila kitu, chembe nyeusi, kutoonja, teke la sufuria, barua, askari wanane, na Mzee akawa anayageuza moja moja kwa Kimaa bila kupunguza. Yeyo alisikiliza akinitazama usoni. Nilipomaliza nilimwomba radhi. Aliwangoja kuku watupite mbele wote. Kisha akaanza kusema yeye, na safari hii Mzee Mbise mwenyewe alionekana hajui kinachokuja.

"Anasema, wale ndugu zangu wawili hawakuwa langoni kukuzuia usitoke. Walikuwa wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Asubuhi. Ng'ombe alipokosa maziwa ile jioni, walitaka kukumaliza hapo hapo. Yeye akawaambia wangoje kukuche, akamue mara moja tena. Asipotoa kitu, wewe ni mchawi, na wafanye walivyotaka. Akitoa, wewe ni mjinga tu."

Nilikumbuka wale wanaume wakinyoosha migongo na kwenda shambani. Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwao, nikiona fahari juu ya herufi zangu.

"Akatoa?" nikauliza, ingawa nilikuwa hai mbele yake.

Mzee akamuuliza. Yeyo akanijibu mwenyewe kwa mkono, akionyesha kibuyu kilivyojaa mpaka shingoni, kisha akaongeza maneno.

"Anasema, mlipopigiana kelele kamba ya ndama ilikuwa imelegea, akanyonya yote mpaka jioni. Aliyaona mapovu yaliyokauka mdomoni mwa ndama asubuhi yake, baada ya kukamua. Anasema hata yeye alipaswa kuchungulia mapema."

Hakuna aliyecheka. Sisi wawili tulitazamana, mimi niliyemwitia askari na yeye aliyeniwekea mikuki, na kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi kamili. Nilikuwa bado nimesimama kwa ajili ya mgongo. Yeyo akaliona hilo. Akasogeza ngozi ile ile aliyomtandikia Mwalimu, akaipigapiga vumbi, akasema neno moja fupi.

"Anasema kaa, ule," akasema Mzee Mbise.

Nikakaa kwa upande, nikala.